Duka kubwa, duka la Mangi na mfuko wa mnunuzi

Wiki mbili zilizopita niligusia katika kipindi hiki, tena kwa kupita tu, habari ya maduka makubwa yanayouza kwa bei ya chini. Nilisema kwamba duka kubwa likifunguliwa mtaani, maduka madogo huanza kufunga milango. Kisha nikaendelea na mambo mengine. Sikujua kwamba nimechokoza nyuki.

Mama mmoja wa Tabata alinitambua kwa sauti tukiwa kituo cha basi. "Shikamoo mzee," akasema, "lakini leo nina ugomvi nawe." Akanieleza kwamba kila siku hununua mafuta ya kupima, robo ya sukari na unga wa siku moja. Mwisho wa mwezi akijumlisha anakuta amelipa zaidi kuliko jirani yake mwenye mshahara, ambaye hununua dumu zima mara moja. "Nyie wasomi mnamhurumia mwenye duka," akasema. "Mimi ninayenunua, nani ananihurumia?"

Siku ya pili yake nikaenda kwa Mangi wa mtaani kwetu kununua kiberiti, naye akanidaka. "Mzee, tarehe ishirini, mshahara umekwisha, hilo duka kubwa litakukopesha unga?" Akanionyesha daftari lake. Majina yalikuwa mengi, na mengine nayafahamu vizuri, maana ni majirani wanaovaa tai asubuhi.

Wote wawili wanasema kweli. Ndiyo maana leo nimeona turudi nyuma kidogo katika historia. Ugomvi huu haukuanza Tabata, wala hautaishia hapo.

Tuanze na Marekani, maana huko ndiko ulikopigiwa kelele nyingi zaidi. Miaka ya 1930 duka kubwa kuliko yote nchini humo lilikuwa A&P, kampuni iliyoanza mwaka 1859 kwa kuuza majani ya chai mjini New York. Kufikia mwaka 1930 ilikuwa na maduka zaidi ya 15,000. Ilinunua moja kwa moja kwa wenye viwanda, ikawa na viwanda na matanuri yake ya mikate, na ikaridhika na faida ndogo kwa kila kitu ilichouza. Bei zake zikawa chini, na mwenye kiduka cha kona hakuweza kumfuata.

Wenye viduka wakaenda kwa wabunge wao. Majimbo mengi yakatunga kodi ya maduka ya mnyororo, yaani kampuni ikizidi kuwa na matawi, na kodi ya kila tawi inapanda. Mwaka 1936 Bunge la Marekani likapitisha sheria inayoitwa Robinson-Patman. Sheria hiyo ilimkataza mwenye kiwanda kumuuzia mkubwa kwa bei moja na mdogo kwa bei nyingine, kama kufanya hivyo kunaua ushindani na hakutokani na tofauti ya kweli ya gharama.

Wakati ule hoja zilikuwa zile zile ninazozisikia leo kwenye daladala. Upande mmoja ulisema kwamba mji usio na wenye maduka wake ni mji wa vibarua, kwani faida yote inapanda treni kwenda makao makuu. Upande wa pili ukasema kwamba mama mwenye watoto watano hawezi kutozwa zaidi kwenye mkate ili tu jirani yake aendelee kuitwa mfanyabiashara. Hizo ndizo hoja za Mangi na za mama wa Tabata, ila kwa Kiingereza.

Sasa, kilichotokea baadaye ni nini? Sheria haikuliua duka kubwa. Mwaka 1962, katika mwaka mmoja tu, yalizaliwa maduka matatu ya bei ya chini ambayo yalibadili biashara ya nchi ile: Kmart, Target na Walmart. La tatu lilifunguliwa na Sam Walton katika mji mdogo wa Rogers, jimbo la Arkansas. Walton alikwenda kwenye miji midogo ambayo wakubwa waliidharau, akajenga maghala ya kati, akaweka malori yake barabarani, na akabana kila senti. Na A&P, lile jitu lililoogopwa mwaka 1936? Lilizeeka, likashindwa kuwafuata wateja walikohamia, na mwaka 2015 likafunga kabisa. Kmart nayo ikafilisika mwaka 2002.

Katika habari hiyo nachukua fundisho la kwanza. Mkubwa naye huanguka, na anayemwangusha ni mnunuzi. Lakini mnunuzi huweza kumwangusha kwa sharti moja tu, kwamba akimgeuzia kisogo awe na mahali pengine pa kwenda. Shikilieni neno hilo, mahali pengine pa kwenda, kwa sababu sasa narudi nyumbani.

Sisi Watanzania tuliwahi kulijaribu duka la bei nafuu kuliko yote. Vijana wetu hawaamini, lakini tulilijaribu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilitaifisha makampuni makubwa ya uagizaji, ambayo kabla ya hapo yalikuwa mikononi mwa wageni wachache, na ikaunda shirika moja la biashara la taifa, STC. Mwaka 1973 shirika hilo likavunjwa na kila mkoa ukapewa kampuni yake ya biashara, ile RTC wanayoikumbuka wazee wenzangu. Mwaka huo huo ikaundwa Tume ya Bei ya Taifa, na bidhaa mamia kwa mamia zikapangiwa bei rasmi nchi nzima. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi yakaambiwa yapishe maduka ya ujamaa.

Nia ilikuwa njema, na ni lazima niseme hivyo kwa haki. Wapo wenye maduka waliokuwa wakiwanyonya wakulima kwa mizani ya uongo na kwa madeni yasiyokwisha. Mwenye kiduka si malaika kwa sababu tu kiduka chake ni kidogo. Lakini maduka mapya hayakuwa tayari. Hayakuwa na mtaji, hayakuwa na usafiri, na mara nyingi hayakuwa na mtu wa kutunza hesabu. Mahali pengine duka la zamani lilifungwa Jumatatu na duka jipya halijafunguliwa mpaka leo. Upungufu ulipodhihiri, amri ile ikalegezwa, ila wengi waliofunga hawakurudi tena.

Halafu mambo yakaja kwa pamoja: bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na fedha za kigeni kukauka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu kijana katika mji mmoja wa mkoani. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na nyumbani hapakuwa na sabuni ya kufulia nepi. Nikasikia kwamba duka limepata sabuni. Nikaamka saa kumi alfajiri, nikakuta foleni imeshapangwa, na nusu ya waliopanga foleni walikuwa mawe. Kila jiwe lilikuwa na mwenyewe aliyerudi kulala.

Saa tano nikafika dirishani. Muuzaji akaniambia kwamba sabuni ipo, kipande kimoja kwa kaya, lakini ukitaka sabuni sharti ununue na kandili. Nikamwambia kandili ninayo nyumbani. Akanijibu, "Basi sabuni huna." Nikanunua kandili. Ninayo mpaka leo, na wajukuu wangu huniuliza kwa nini babu ana kandili mbili zinazofanana na umeme upo.

Ndugu wasomaji, lile duka lilikuwa na bei ya chini kuliko duka lolote mjini. Bei ya sabuni ile ilikuwa imeandikwa kwa sheria, na muuzaji hakunizidishia hata senti moja. Bei nafuu tulikuwa nayo, lakini chaguo hatukuwa nalo. Sikuweza kumwambia yule bwana, "Kaa na kandili yako, naenda kwa mwenzako," kwa sababu mwenzake hakuwepo. Aliyekuwepo alikuwa mlanguzi wa uchochoroni, ambaye bei yake ilikuwa mara kadhaa zaidi. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, bidhaa zikafukuliwa mashambani na nyingine zikatupwa baharini kwa hofu, lakini rafu hazikujaa. Zilianza kujaa baada ya bajeti ya mwaka 1984, waliporuhusiwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi.

Kwa hiyo fundisho la pili nililinunua kwa fedha yangu mwenyewe, nikapewa na kandili juu yake. Uhuru wa mnunuzi haupimwi kwa bei iliyobandikwa kwenye rafu. Unapimwa kwa idadi ya milango anayoweza kuigonga.

Baadaye milango ikafunguka, na wakubwa wa kutoka nje wakaingia. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuja Dar es Salaam. Game nayo ikaweka duka lake Mlimani City, jengo lililofunguliwa mwaka 2006. Uchumi na Nakumatt za Kenya zikafuata. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nakumbuka tulivyokwenda kuangalia tu. Watu walivaa nguo za Jumapili kwenda kuangalia mchele kwenye mfuko wa plastiki.

Mwaka 2011 yule yule Walmart wa Arkansas akanunua zaidi ya nusu ya hisa za Massmart, kampuni ya Afrika Kusini inayomiliki Game. Wengi wetu tuliokuwa tukipita pale Mlimani hatukujua kwamba tajiri amebadilika. Lakini Afrika Kusini yenyewe ilitikisika. Vyama vya wafanyakazi na mawaziri watatu wa serikali walisimama mbele ya vyombo vya ushindani wakisema kwamba mgeni huyu ataagiza kila kitu kutoka nje na viwanda vya nyumbani vitakufa. Wenye kuuza wakajibu kwamba bei zitashuka na mnunuzi maskini ndiye atakayefaidi.

Mahakama ya rufaa ya ushindani haikumfukuza mgeni, wala haikumfungulia mlango bila masharti. Mwaka 2012 iliamua kwamba wafanyakazi 503 walioachishwa kabla ya ununuzi ule warudishwe kazini, na kwamba kampuni itoe randi milioni 200 za kuwasaidia wazalishaji wa nyumbani ili waweze kuuza katika maduka yale. Hapo nakuona kuna busara. Wenzetu walitambua kwamba mtu mmoja huwa mnunuzi saa kumi jioni na mfanyakazi saa mbili asubuhi, na haifai kumnufaisha jioni kwa kumnyang'anya asubuhi.

Mwisho wa wakubwa hawa hapa kwetu mnaujua. Shoprite iliuza maduka yake kwa Nakumatt mwaka 2014. Uchumi ikafunga Tanzania na Uganda mwaka 2015. Nakumatt, iliyokuwa na maduka zaidi ya 60 Afrika Mashariki, ikaelemewa na madeni, na kufikia mwaka 2020 haikuwepo tena hata kwao Kenya. Game ikaondoka mwaka 2022. Yule Mangi aliyetabiriwa kufa amewazika wote.

Lakini tusiimbe nyimbo za ushindi, maana mazishi ya Nakumatt yaliacha wafiwa. Walikuwa watu waliopeleka maziwa, mboga, mikate na karatasi za chooni, wakaahidiwa kulipwa baada ya siku kadhaa, kisha miezi kadhaa, kisha hawakulipwa. Ndipo tulipoona jambo ambalo mnunuzi halioni akiwa dukani. Rafu iliyojaa inaweza kuwa imejazwa kwa fedha ya mtu mwingine. Mkubwa anaponunua leo na kulipa baada ya miezi mitano, anayemkopesha ni yule mfugaji wa kuku. Na mfugaji akifa kibiashara, mwakani mnunuzi ana mayai ya mfugaji mmoja mkubwa tu. Chaguo limepungua, na hakuna aliyetangaza.

Wakenya wamelichukulia jambo hili kwa uzito. Sheria yao ya ushindani sasa inataja waziwazi nguvu ya mnunuzi mkubwa dhidi ya wanaomletea bidhaa. Mwaka 2020 mamlaka yao ya ushindani iliamua kwamba kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini humo ilitumia vibaya nguvu hiyo kwa mtengenezaji mmoja wa mtindi, kwa kumtoza makato ya namna kwa namna. Mwaka 2021 baraza la rufaa likaunga mkono uamuzi huo.

Na ni huko huko Nairobi ambako mwaka 2023 ugomvi wetu ulilipuka kwa sura mpya. Mwishoni mwa Januari duka kubwa la Wachina, China Square, lilifunguliwa katika jengo la biashara karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Bei zilikuwa chini mno, na watu wakafurika. Kabla Februari haijaisha wafanyabiashara wa mjini waliandamana, na Waziri wa Biashara, Moses Kuria, akasema kwamba Wachina wanakaribishwa kama wenye viwanda, si kama wachuuzi. Duka likafunga kwa muda, kisha likafungua tena.

Kilichonivutia mimi si maandamano. Ni maneno ya wanunuzi wa kawaida wa Nairobi. Wengi walisema: kumbe bidhaa hii tuliyouziwa miaka yote kwa bei ile, inawezekana kuuzwa kwa nusu? Waliuliza nani amekuwa akila hiyo nusu nyingine. Hilo ni swali la haki. Mwenye duka mdogo anayetaka tumtetee ni lazima alijibu, na jibu lisiwe maandamano peke yake.

Hapa kwetu, Julai 2025, serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogondogo, ikiwemo uuzaji wa jumla na rejareja. Lakini isomeni vizuri amri hiyo: supamaketi hazikuguswa. Maana yake ni kwamba Mangi ameondolewa mshindani mgeni mwenye duka la ukubwa kama lake, lakini mgeni mwenye duka la ukubwa wa uwanja wa mpira bado anaruhusiwa kuja. Sisemi ni vibaya. Nasema tusidhani kwamba suala limekwisha.

Basi nimjibu nini mama wa Tabata?

Kwanza namwomba radhi. Aliyosema ni kweli, na mimi nililipita jambo lake. Maskini hununua ghali kwa sababu hununua kidogo kidogo. Lakini nataka aone pia kwamba duka kubwa, hata likija na bei ya chini, halimtatulii tatizo hilo moja kwa moja. Dumu la bei nafuu linamfaa mwenye fedha ya dumu, na mwenye nauli ya kulifuata na kulirudisha. Mwenye kibarua cha siku anahitaji mtu wa kumpimia mafuta ya leo na kumwandika kwenye daftari. Chaguo la mwenye mshahara na chaguo la mwenye kibarua si chaguo moja, na wanaotuhubiria uhuru wa mnunuzi mara nyingi humsahau wa pili.

Pili, Mangi naye namwambia asijifiche nyuma ya huruma. Ajifunze kwa Wajerumani. Mwaka 1898 wenye viduka wachache wa mjini Berlin walikutana wakaamua kununua bidhaa kwa pamoja ili nao wapate bei ya mkubwa. Kutokana na chama hicho ilikuja Edeka, ambayo leo ni mtandao mkubwa kuliko yote wa maduka ya vyakula Ujerumani, na maduka yake mengi bado ni ya wenye maduka wenyewe. Walmart alipokwenda Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1990 alikutana na watu wa namna hiyo, pamoja na maduka mengine ya nyumbani yenye bei ya chini sana kama Aldi. Mwaka 2006 akauza maduka yake akaondoka. Hakufukuzwa na waziri.

Je, wenye maduka ishirini wa Tabata wanashindwa nini kukodi lori moja na kununua mafuta na sukari kwa pamoja? Kina mama wetu wanacheza upatu na kuendesha vikoba bila ofisi wala kalamu ya dhahabu. Mangi akinunua kwa bei ya jumla ya kweli, akashusha kipimo cha mafuta hata kidogo, na akaacha kuuza biskuti zilizopitwa na tarehe, hatahitaji mimi nimtetee redioni.

Tatu, serikali. Tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na tunayo Tume ya Ushindani. Kazi yake si kumlinda mkubwa wala mdogo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mkubwa analipa wanaomletea bidhaa kwa wakati, na kwamba haushi bei leo kwa makusudi ya kuwaua majirani ili kesho aipandishe akiwa peke yake. Hayo yakisimamiwa, mnunuzi ataamua mwenyewe, na biashara haigombi.

Wapo watakaosema kwamba mzee huyu hana msimamo, yuko huku na huku. La hasha. Msimamo wangu ninao, na niliupata dirishani saa tano asubuhi. Anayetaka mlango mmoja tu ubaki, awe ni serikali yenye nia njema au tajiri mwenye bei nzuri, mimi simwamini. Siku atakapobaki peke yake, mama wa Tabata atakwenda kununua sabuni, naye ataambiwa achukue na kandili.

Tukutane tena wiki ijayo.